Naombeni ushauri: nimepigwa fidia ya jumla milioni 35, nikate rufaa?

Habari za humu wakuu. Nina gereji ndogo Tabata, mwaka juzi gari ya mteja iliungua usiku ikiwa kwangu, kijana wangu aliacha waya za betri hazijakazwa. Kosa sikatai, nilimwomba yule mama msamaha nikasema nitalipa kidogokidogo, akaenda mahakama ya wilaya. Wiki tatu zilizopita hukumu imetoka, milioni 9 ya gari (hiyo sina neno), milioni 6 nauli za teksi, na milioni 35 fidia ya jumla (ile ya usumbufu, anayoikadiria hakimu mwenyewe). Za teksi hakuleta risiti hata moja, alisema kwa mdomo tu! Na hiyo 35 nimeisoma hukumu mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo, ni mstari mmoja, "kwa usumbufu alioupata mdai", basi. Gereji na vifaa vyote haifiki hata nusu ya hiyo hela na kuna vijana wanne wanakula hapo. Rufaa ya kiasi tu inawezekana kweli kama kosa nimekubali?

Kibatari: Pole sana mkuu. Inawezekana, unapinga kiwango tu. Teksi ni fidia mahususi (ya hasara inayohesabika kwa hela), lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe haswa, mwambie wakili aanze na Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya 1992. Fidia ya jumla ni hiari ya hakimu, Mahakama Kuu haiipunguzi eti kwa vile yenyewe ingetoa kidogo, mpaka iwe amekosea kanuni au kiwango kimepitiliza mno, ILA hakimu lazima atoe sababu, Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye Anthony Ngoo dhidi ya Kitinda Kimaro, ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, uisome. Huo mstari mmoja ndo silaha yako. Kesi imeanzia wilayani kwa hiyo una siku 90.

Mama K: Mdogo wangu, rufaa peke yake haizuii kukaza hukumu, yaani mali zako kukamatwa ili mdai alipwe!! Shemeji yangu alifungua rufaa akalala, dalali wa mahakama akaja na kenta akapakia mafriji mawili ya dukani watoto wanaangalia. Omba zuio mapema na ujiandae na dhamana.

Mzee wa Buguruni: Hiyo 9 unayoikubali anza kuilipa, kwa maandishi. Yule mama naye gari yake imeteketea, akiona hela huenda mkakaa mkaelewana hizo nyingine, makubaliano mkayasajili mahakamani.

Mleta uzi: Asanteni sana, nilikuwa silali. Hukumu ninayo ila dikrii (ile amri rasmi inayotokana na hukumu) bado sijapewa.

Kibatari: Iombe kwa barua kesho, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi na uitunze. Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi, ila usizitegemee.

Mleta uzi: Sawa mkuu, saa mbili niko masjala. Dada Mama K, shemeji aliweka dhamana gani, hati ya kiwanja wanapokea?