Mrejesho: Mkataba mpya wa sisi wachonga milango wa Lamu

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliwauliza: mradi unaotusaidia wachongaji umeachwa na mshirika wake wa kwanza, ameingia mwingine, na barua yake inataka tutie saini ndani ya siku saba. Je, nitie?

Sikutia. Nilimsikiliza yule aliyeniambia nisome kipengele cha michoro kabla ya kile cha pesa. Kumbe ndipo penye shida: kila nakshi tutakayobuni ingekuwa mali yao. Maua ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, niliyofundishwa na marehemu ami yangu, niyatoe kwa kodi ya karakana! Tukaenda watu wanne, na mzee wetu mmoja ambaye hapandishi sauti lakini hasahau neno. Tukawakumbusha Sheria ya Hakimiliki ya 2001: haki ya kazi ya sanaa hudumu hadi miaka 50 baada ya msanii kufa, na kuihamisha kunataka maandishi. Na maandishi yenyewe ndiyo hayo waliyotuletea.

Kipengele hicho wamekifuta. Sasa wanaruhusiwa kupiga picha tu, kwa mwaka mmoja.

Posho ni ileile. Kodi watalipa nusu. Mbao hawanunui tena, na hapo ndipo panaponiuma. Bei ya mbambakofi mnaijua. Mlango wa mteja wa Shela nimeuanza kwa mbao za deni.

Walioniambia nisaini haraka nisije nikakosa vyote, sikuwadharau. Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Nakala yenye muhuri bado naisubiri.