Mjadala: Mashairi ya Akhmatova ya kumsifu Stalin yachapishwe au yaachwe?

Mleta mada
Ndugu wasomaji, mwaka 1950 jarida la Kisovieti la Ogonyok lilichapisha mashairi ya mshairi wa Kirusi Anna Akhmatova ya kumsifu Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti. Huyu ndiye aliyetunga "Requiem", utungo wa wanawake waliopanga foleni nje ya magereza ya Leningrad wakitafuta habari za watu wao. Je, mashairi hayo yawekwe pamoja na kazi zake nyingine? Mimi nasema yawekwe, kwa kuwa diwani yenye kuficha haiwezi kuitwa kamili.

Mchangiaji wa pili
Umemsahau mtoto. Lev, mwanawe wa pekee, alikamatwa tena Novemba 1949. Mama mwenyewe alikwisha kufukuzwa katika Umoja wa Waandishi mwaka 1946, Zhdanov, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, alipomtangaza hadharani kuwa nusu mtawa, nusu kahaba, na mumewe, mshairi Nikolai Gumilyov, baba yake Lev, alipigwa risasi na serikali mwaka 1921. Alibakiwa na nini cha kumkomboa mwanawe isipokuwa kalamu?

Mchangiaji wa tatu
Gumilyov hakuwa mumewe tena mwaka 1921, kwa sababu walitalikiana mwaka 1918. Tusimvike mtu ujane ili tulizwe machozi. Na huyo mtoto unayemtaja aliachwa kwa bibi yake mzaa baba, tena alipotoka katika kambi ya wafungwa mwaka 1956 alimlaumu mama yake kwamba hakumpigania vya kutosha.

Mchangiaji wa nne
Neno "aliachwa" limenichoma. Mimi nililelewa na bibi yangu mama yangu akihangaika mjini, na sijawahi kuachwa na mtu. Lev alikua katika mji mdogo wa Bezhetsk katika miaka ambayo Petrograd, jiji lililokuja kuitwa Leningrad, lilikuwa na njaa, na bibi yake ndiye aliyeomba kumlea. Ungependa mtoto afe njaa mikononi mwa mama ili mama huyo apate sifa?

Mchangiaji wa tatu
Dada, sikumtaja bibi yako wala mama yako. Nimesema lawama zilitoka kwa Lev mwenyewe, na aliyekaa kambini ana haki ya kusikilizwa kuliko sisi.

Mchangiaji wa pili
Kosa la talaka ni langu, nalikubali. Hata hivyo, mfungwa huona kimya cha nyumbani, haoni milango ambayo mama yake amegonga. Mwaka 1935 Akhmatova alimwandikia Stalin, na Lev akaachiliwa pamoja na Nikolai Punin, aliyeishi na Akhmatova kama mume; alipokamatwa tena mwaka 1938, mama alisimama kwenye foleni kwa miezi 17. Mistari ya "Requiem" aliiandika kwenye vipande vya karatasi, akawapa marafiki kama Lydia Chukovskaya waihifadhi moyoni, kisha akaichoma papo hapo. Mtu huyo humwiti mzembe.

Mchangiaji wa nne
Na sifa zile za 1950 hazikumtoa Lev. Alibaki kambini miaka mitatu zaidi baada ya Stalin kufa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mleta mada
Mmenifikisha mahali ambapo sikupatarajia. Baadhi ya mashairi yaliyotoka Ogonyok yaliingizwa katika diwani yake ya 1958, naye alipowagawia marafiki nakala, katika nyingi kati ya hizo aliziba kurasa za mashairi hayo kwa kubandika mashairi yake mengine juu. Bado nataka yachapishwe, ila mwishoni kabisa, na tarehe ya kukamatwa kwa Lev iandikwe juu ya shairi la kwanza.

Mchangiaji wa tatu
Na lawama za Lev ziandikwe pia.