Tupeane uzoefu: viongozi wa kanisa na vinywa vyetu

Mzee wa kanisa, Kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharikani kwetu umeanza mtindo wa kusoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi za jengo. Yanasomwa wakati wa matangazo, kipaza sauti kiko wazi, na watoto wao wamekaa hapo hapo. Wanaounga mkono wanasema fedha zimeanza kuingia, na kweli zimeingia. Ila kuna viti naviona vitupu, na waliokuwa wakivikalia nakutana nao Kimara Mwisho Jumapili asubuhi wakienda kusali kwingine.

Sitaki mahubiri, hayo tunayo ya kutosha. Nataka visa: kiongozi alisema neno gani, alilisemea wapi, likafanya nini. Yakobo kwenye ile sura ya 3, kabla hata hajaugusa ulimi, ameanza na sisi waalimu kwamba hukumu yetu ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hakuna wa kujitoa hapa.

Mwenyekiti wa jumuiya, Tabata

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki mtihani wetu uko msibani. Alifariki baba mmoja ambaye kwenye jumuiya alikuwa haonekani. Chini ya turubai watu wakaanza: "Leo ndiyo wanatukumbuka?" "Huyu mchango gani aliwahi kutoa?" Mjane yuko ndani, dirisha liko wazi, anasikia yote. Mwenyekiti aliyenitangulia, mama mmoja muuza mkaa, akasimama: "Leo tumekuja kumzika ndugu yetu. Ya jumuiya yana siku yake." Akaketi, rozari ikaanza.

Maziko yalipopita akarudi pale nyumbani kuuliza taratibu. Kumbe marehemu alikuwa mlinzi wa usiku Masaki. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12 asubuhi, na saa hizo yeye yuko kwenye daladala anatoka lindoni, au bado anamsubiri mwenzake wa kumpokea zamu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza! Hata rafiki zake Ayubu walifaa zile siku saba walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa.

Dada wa kwaya, Mbagala

Mimi naongea kama niliyesomwa. Nilipata mimba nikiwa kwaya ya vijana, sijaolewa. Jina langu lilitangazwa ibada ya kwanza na ya pili, kwa hiyo hata waliochelewa kuamka hawakukosa. Jioni akaja nyumbani mama mmoja mzee wa kanisa. Mama yangu akajua ameleta barua. Akapitiliza mpaka uani nilipokuwa naosha vyombo, akavuta kigoda, akaniuliza, "Mwanangu, kliniki umeanza?" Nikasema bado. "Basi kesho nakupitia mapema, foleni ya pale naijua."

Habari ya dhambi siku hiyo hakuitaja. Aliitaja baadaye, tuko wawili tu, mtoto ameshazaliwa, na alinisema kweli kweli. Nilimsikiliza kwa sababu ndiye aliyenishikia mkoba kliniki. Kwaya nimerudi, ila si kwenye usharika ule.

Mchungaji, Gongo la Mboto

Wapendwa, naona tunaelekea kulea dhambi. Yesu aliwaita Mafarisayo "wana wa majoka" mbele za watu. Yohana Mbatizaji alimkemea Herode waziwazi. Tukianza kuhesabu viti tutakuwa wachungaji wa mshahara.

Mwinjilisti mstaafu, Kigamboni

Mchungaji, mwanangu, hoja yako ina uzito, lakini tazama waliokemewa hadharani ni akina nani. Mafarisayo walikuwa na vyeo. Herode alikuwa na gereza, na Yohana aliishia humo. Yule mama Msamaria wa waume watano aliambiwa mambo yake kisimani, wanafunzi wameshaenda mjini kununua chakula. Aliyeyapeleka kwa watu ni yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Sisi hapa mjini tumegeuza: muuza vitumbua anasomwa kwenye kipaza sauti, mfadhili wa jengo anaonywa ofisini, mlango umefungwa, na chai juu.

Halafu mambo ya ushauri yasipande madhabahuni, hata ukificha jina. Unasema "kuna dada alinijia juzi, mumewe ni dereva wa lori". Usharika una madereva wa lori wangapi? Kabla ya sadaka watu wameshamjua, na kuanzia hapo ofisini kwako hapiti mtu mwenye shida ya kweli.

Katibu wa vijana, Ubungo

Na WhatsApp je? Kiongozi wetu mmoja alirusha sauti kwenye kundi usiku: "Wanaokula sadaka tunawajua." Asubuhi ikagundulika fedha zipo, zilitumwa kwenye laini ya zamani ya kanisa. Akaomba radhi kwa maandishi, mistari miwili, vizuri tu. Lakini ile sauti ilishafika Mwanza kwa shemeji zake mweka hazina. Siku hizi tumekubaliana jambo linalomhusu mtu apigiwe simu mwenyewe, lisirushwe kundini.

Sasa wazee nisaidieni, maana mmeongelea zaidi kiongozi na muumini. Mchungaji wangu kila akifungisha ndoa lazima amtanie bibi harusi kwa kabila lake, mara kupenda hela, mara ukali. Watu wanacheka, ila ukiangalia upande wa ndugu wa bibi harusi unaona vichwa vimeinama. Yeye anaona ni utani wa kawaida. Nimwendee peke yangu kama Mathayo 18 inavyosema, au nianzie kwa mama mchungaji? Aliyewahi kumwonya mkubwa wake atuambie alimwendea saa ngapi, na alianza na neno gani.