Rangi za mafuta au akriliki kwa picha ya bahari na milima?

Fundi_Majengo: Wakuu, habari za jioni. Nina oda ya picha ya bahari, milima kwa nyuma, ukungu wa alfajiri na milima ionekane majini. Nimezoea akriliki ila mteja kataja rangi za mafuta. Nipo Moshi, kesho naenda dukani. Nichukue ipi?

Njiro_B: Ukubwa? Anaitaka lini? Kakupa advansi? Hapa hatupigi ramli mkuu.

Mama_Brashi: Mafuta, bila kuuliza mara mbili. Kesho yake rangi bado mbichi, unapitisha brashi laini kavu kwenye ukingo wa mlima mpaka ukingo unapotea. Akriliki kwa joto la Moshi inakauka hujapata hata kitambaa cha kufutia.

Sakina_Sanaa: Kuna dawa ya kuichelewesha. Au piga tabaka la chini kwa akriliki, umalizie na mafuta. Usigeuze tu, akriliki juu ya mafuta inabanduka.

Mzee_Hadibodi: Mnajitesa. Mchoraji Tingatinga alichora kwa enameli, rangi ya kung'aa, juu ya hadibodi miaka ya 1960.

Mama_Brashi: Shikamoo mzee. Kwa chui na ndege sawa. Ukungu unaong'aa kama mlango wa geti umeuona wapi?

Kiboriloni1: Kabla hamjamtuma dukani, mwambieni anuse tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi za mafuta. Mimi niliuziwa kopo, lebo safi kabisa, kumbe ndani wamechanganya na mafuta ya taa. Ilikuwa masika. Wiki ya kwanza rangi inanata, nikasema baridi. Wiki ya tatu bado inanata, na mbu wameganda angani, miguu juu. Mteja wa Arusha kachoka kusubiri, nikaifunga kwa gazeti nikapanda nayo basi. Kufungua mbele yake, matangazo ya vifo yamehamia baharini, yanasomeka kinyume. Muuza duka akaniambia nimeianika vibaya! Pesa sijarudishiwa mpaka leo.

Njiro_B: 😂😂 Pole mkuu. Mbu ungemwambia ni ndege.

Sakina_Sanaa: Tuongelee maji basi. Mlima unaugeuza kichwa chini, kazi imeisha.

Mama_Brashi: Haijaisha. Maji yanauona mlima kwa chini kuliko jicho lako, kwa hiyo kilima cha mbele kinauficha zaidi kule majini. Na theluji majini inafifia kidogo, kiza nacho kinapauka. Nenda ziwa Momella asubuhi kabla ya upepo uhakikishe.

Sakina_Sanaa: Momella ni ziwa, yeye kaomba bahari. Bahari ina mawimbi, utaona vipande virefu vya rangi tu.

Mzee_Hadibodi: Bahari yenye theluji iko wapi hapa Tanzania?

Fundi_Majengo: Samahani, nilikuwa kazini. Ni futi 4 kwa 3, anaitaka baada ya wiki mbili.

Njiro_B: Wiki mbili!! Na hukusema?

Mama_Brashi: Basi tabaka nyembamba, na changanya rangi na mediamu ya alkidi, kimiminika kinachowahisha kukauka. Rangi nyeupe ya titani usiipake nene, inachelewa mno. Vanishi asubiri miezi 6.

Sakina_Sanaa: Au akriliki, alale usingizi.

Kiboriloni1: Hiyo alkidi inauzwa wapi Moshi?

Mzee_Hadibodi: Nina hadibodi mbili safi, bei poa. Njoo inbox.

Njiro_B: Mzee, huu siyo uzi wa biashara. Ila zina ukubwa gani?