Mrejesho: Kitinda mimba wangu kaingia kidato cha sita

Ndugu zangu, niliwauliza kama nimhamishe binti yangu wa mwisho, anayesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) bweni, amalizie kidato cha sita shule ya kutwa hapa mjini ili nikae naye. Asanteni kwa ushauri. Nimemwacha palepale.

Aliyenishawishi zaidi ni mwenyewe: "Mama, kundi langu la majadiliano liko kule, na maabara yetu nimeshaizoea." Mwaka umeanza Julai, mtihani wa taifa wa NECTA (Baraza la Mitihani) ni Mei. Kumhamisha sasa ni kumpotezea muda asio nao.

Ila moyo unauma, sitaficha. Akimaliza kuna JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kisha chuo, Mungu akijalia. Kaka zake walipoondoka nilibaki na mtu wa kumwita "njoo ule". Sasa sufuria ndogo inatosha. Baba yao hasemi kitu, lakini ndiye wa kwanza kuulizia siku ya wazazi.

Mlionishauri nimwandikie barua, kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini: nimeanza, na anajibu. Ya juzi kaomba dagaa wa kukaanga na kalamu. Jumamosi nampelekea.