Nikijitenga na huyu dada wa maombi, ndo nitakuwa sijasamehe?

Mama_Wawili:
Shalom wapendwa. Naombeni ushauri ila msinipige mawe. Kuna dada mmoja tunasali naye, ndo anaongoza maombi ya kinamama kila Jumatano, mwaka wa tatu huu tuko kama ndugu, kwangu anaingia mpaka jikoni anafunua sufuria mwenyewe. Mwaka jana akaniambia mtoto wake kalazwa, nikamtumia laki mbili kwenye simu, kesho yake namkuta mtoto anacheza mpira uwanjani, nikanyamaza, nikasema labda karuhusiwa (najua, endeleeni tu kusoma).

Sasa mwezi uliopita kwenye maombi kanishika kichwa akaanza, Bwana ananionyesha deni, naona milioni tatu, naona mume hajui. Kinamama wote wakapandisha sauti na mimi nililia kwelikweli. Usiku niko kitandani ndo nikashtuka. Deni langu ni milioni TANO. Mtu pekee niliyemwambia tatu ni dada wa kazi, siku alinikuta nalia nikapunguza kwa aibu tu. Yaani Roho Mtakatifu kachukua hesabu kwa dada wa kazi??

Na Jumamosi hii anataka nimdhamini kwenye kikoba, milioni moja na nusu. Nikimkwepa naambiwa sina msamaha, saba mara sabini. Nifanyeje?

Mvuvi_tu:
Mungu ninayemjua mimi kahesabu mpaka nywele za kichwa chako, huyo wa mwenzio mbili zimempotea njiani 😂 pole dada. Kimbia.

Baba_Neema:
Shida tumefundishwa kwamba kusamehe na kurudiana ni kitu kimoja. Soma 1 Samweli 26 polepole. Daudi kaingia kambini usiku, Sauli kalala, mkuki umechomekwa chini hapo kichwani pake, Abishai anamwambia niache nimchome mara moja tu sitarudia, Daudi akakataa. Msamaha ushatoka hapo. Wakabeba mkuki na gudulia la maji wakaenda kusimama juu ya kilima, mbali, ndo akaanza kuita. Sauli huko anajuta, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena. Sasa angalia mstari wa 22, Daudi anajibu mkuki wako huu hapa mfalme, tuma kijana mmoja aje auchukue. Hakuupeleka mwenyewe! Na alikuwa na sababu, mkuki wa huyo mzee alishaukwepa zaidi ya mara moja akiwa anampigia kinubi mle ndani. Kila mtu akaenda njia yake, na sura ya 27 Daudi anahamia kwa Wafilisti.
Kwa hiyo msalimie ibadani, mwombee, akiugua peleka uji. Ila kikoba ndo mkuki wenyewe, usimpelekee mkononi.

Msopra_wa_pili:
Naomba nipinge kidogo. Mimi nimeshaitwa nyoka kanisani kwa kitu ambacho sikufanya, miezi minane watu wananikwepa mpaka kwenye benchi la kwaya, hakuna hata mmoja aliyenifuata kuniuliza, na kumbe maneno yalitoka kwa mtu mwingine kabisa. Mathayo 18 inasema ukamwonye wewe na yeye peke yenu kwanza, we umeanza na sisi tusiomjua. Dada wa kazi umemuuliza? Na mtoto kulazwa usiku akatoka asubuhi mbona inatokea.
Udhamini hapana lakini, hilo halina mjadala, Mithali 6. Mimi hata shemasi simdhamini.

Mama_Wawili:
Msopra umenichoma ila ni kweli. Nimemuuliza dada wa kazi leo. Kumbe huyu mtu anampigia kila Jumanne jioni, "mama anaendeleaje, nataka nimwombee", halafu anamrushia vocha ya jero. Binti wa watu hata hakujua kama kuna ubaya, alijua anachangia maombi. JUMANNE jamani, na maombi ni Jumatano.

Wa_Kilifi:
Niko Kilifi dada yangu, huku tangu Shakahola 2023, waumini wa mchungaji mmoja walipofunga mpaka kufa, tunasikiliza mambo haya kwa sikio lingine. Watu wanakumbuka ile njaa na miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni, lakini njaa ilikuja mwisho. Kwanza waliambiwa shule ni dhambi, kisha hospitali ni dhambi, mpaka mtu akawa hana daktari wala mwalimu wala jamaa wa kumuuliza hii unayofanya ni nini. Sisemi huyo wako amefika huko, la. Lakini hebu rudia yale maneno yake, "mume hajui". Ameyasema mbele ya kinamama wote. Sasa ana kitu cha kukushikia, na Jumamosi utasaini kwa woga tu. Mwambie mumeo wewe mwenyewe, leo hii kabla hajalala, tano sio tatu.

Mvuvi_tu:
Hapo kwa mume Kilifi kaua.

Mama_Wawili:
Mrejesho. Baba watoto nimemwambia yote. Alinyamaza akamaliza chai yake, akauliza riba ni asilimia ngapi, basi, mengine tutaongea tukishalipa la mwezi huu. Dada wa kazi simfukuzi, tumekubaliana tu ya nyumbani yabaki nyumbani.

Yule wa maombi nimemfuata peke yangu kama Msopra alivyosema. Kuhusu mtoto kasema nina kumbukumbu mbaya. Kuhusu Jumanne hakujibu, kaniambia shetani anataka kuvunja huduma, akaanza kulia, na mimi mwenyewe kidogo nilie nikamkumbatia (msinicheke). Ila fomu ya kikoba nimeirudisha kwa mwenyekiti bila sahihi. Jumatano nitaenda, nitakaa nyuma karibu na mlango.

Sasa hivi hapa naandika meseji yake imeingia. "Shalom mpendwa, usiku nimekuota." Sijaifungua.