Mjadala: Fundi wa minara asiye na cheti cha kimataifa azuiwe kufanya kazi?

Wakuu, salaam. Juzi kwenye kundi letu la mafundi mdau mmoja alishikilia kwamba asiye na cheti cha kimataifa cha mtandao, kama HCIA ya Huawei au CCNA ya Cisco, asiguse mnara wa simu, na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, waliweke hilo kwenye masharti. Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga, na naomba tulijadili kwa uzito kwa sababu kuna watu watakosa ugali.

Nianze na kisa. Mwaka juzi yalikuja malalamiko kutoka kijiji kimoja mkoani Morogoro: mnara wanauona kwa macho, lakini ukitoka shuleni kuelekea mashineni, simu inakatika. Mkandarasi akatuma kijana mwenye vyeti vitatu. Alishinda na kompyuta, akabadilisha vigezo, akazima na kuwasha mitambo, hali ileile. Kesho yake akaja mzee mmoja aliyeanza kazi enzi za kuvuta nyaya za simu za mezani, elimu yake darasa la saba. Aliwasha programu ya kupima mawimbi kwenye simu yake, akauzunguka mnara kwa miguu, kalamu na karatasi mkononi. Antena za mnara hugawanywa kwa pande ziitwazo sekta, kila moja na namba yake. Upande wa sekta ya kwanza simu ikasoma namba ya sekta ya pili. Alipofika upande wa pili ikasoma ya kwanza. Nyaya zilikuwa zimepishanishwa kule juu, kwa hiyo mtandao ulikuwa unaikabidhi simu kwa jirani asiyekuwepo. Mpandaji akapanda, akazirudisha mahali pake, kabla ya adhuhuri watu wanaongea.

Sisemi kusoma ni bure. Kijana yule anajua mambo ya 5G ambayo mzee hayajui, na tangu Vodacom wawashe 5G hapa nchini 2022, kazi nyingi imehamia kwenye programu. Lakini mtihani wa kuchagua jibu kwenye skrini haumpimi fundi wa mnarani. Chukulia kufunga konekta, kiungio cha waya wa antena, isiingie maji. Tabaka la mwisho la tepu lazima lianzie chini kupanda juu, kila mzunguko ukilalia wa chini yake kama makuti ya paa, maji yateleze. Ukianzia juu, masika ya kwanza tu maji yamepenya, nguvu inarudi kwenye mtambo badala ya kutoka kwenye antena, na alamu ya VSWR, kipimo cha nguvu hiyo inayorudi, haikomi. Nimefungua konekta za namna hiyo zimejaa kutu ya kijani, na aliyezifunga ana cheti.

Halafu gharama. Mtihani wa CCNA ni dola 300, zaidi ya laki saba, na cheti kinaisha baada ya miaka 3. Fundi anayelipwa kwa saiti, mwezi huu ana kazi mwezi ujao hana, azitoe wapi? Ndiyo maana maswali yaliyovuja yanauzwa, watu wanakariri, wanafaulu bila kushika spana. Tena cheti cha kampuni kinafundisha mitambo ya kampuni hiyo. Ukifika kwenye saiti ya Ericsson au Nokia, amri ni nyingine kabisa ingawa mawimbi ni yaleyale.

Cheti kimoja nakitetea bila kusita: cha kufanya kazi kwenye kimo. Hicho kila anayepanda awe nacho, tumeshazika wenzetu.

Kwa mengine, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari wanarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: waashi, maseremala, wa magari. Wanakupima kwa kazi ya mikono yako, wanakupa cheti. Fundi wa mnara naye apimwe hivyo. Apewe mnara wa mafunzo, antena 3, dira na kipimo cha VSWR, hitilafu 2 zimefichwa humo, azitafute na kuzieleza kwa Kiswahili. Akiweza, TCRA wamtambue. Vyeti vya kampuni vibaki kwa anayetaka kuingia kwenye usanifu wa mtandao.

Mnaosimamia kandarasi: mngemkabidhi saiti fundi aliyefaulu mtihani wa namna hiyo, hata kama hana HCIA? Na mliolipia vyeti kwa fedha zenu, siku ya kwanza saiti vilikusaidieni nini hasa?